Kaisari wa Midrand

Jumapili, 5 Machi 2017
Nimeongoza nyimbo kama kawaida. Mvua, watu wachache. Mchungaji mkuu ametoka kanisa kubwa la Midrand kuja kutuhubiria. Injili hakuigusa. Amehubiri habari za makaisari wa Roma: barabara zao, sheria moja, mataifa mengi chini ya mtu mmoja. Naye ataunganisha makanisa yake. Ibada moja, Midrand, kwa Kiingereza. Letu la hapa mtaani La Rochelle linafungwa mwisho wa mwezi. Kaisari mwenye kitambi.

Jumatano, 8 Machi
Nimeshona kutwa kwa hasira. Shuleni kwetu Bukavu tulisoma Roma vizuri. Kaisari hakuwanyang'anya Wagiriki lugha yao. Walipe kodi, watulie, basi. Hata miungu yao aliwaachia. Huyu anataka mpaka lugha tunayoomba nayo. Na barabara zake ziko wapi? Hata nauli ya teksi hatatupa. Mjinga aliyevaa tai.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya ibada nimesimama, nikasema hatuhami. Mama Furaha, msusi, akadakia: "Papa Elie, umwambie Kaisari wako, mimi nikilia kwa Kiingereza Mungu ataniuliza, mama, unauza nini?" Kanisa zima limecheka. Mikono yote juu. Sijawahi kupendwa hivi.

Alhamisi, 16 Machi
Mchungaji mkuu ameniita Midrand. Nilikwenda kugombana. Akanimiminia chai mwenyewe. Akaniita mzee wa kanisa. Kwaya zote ziwe chini yangu, jina langu liandikwe mlangoni. Akanipa joho la zambarau, bado liko kwenye nailoni.
Hili nalo tulilisoma. Roma ikiteka mji, iliwatafuta wakubwa wa pale, ikawapa uraia na heshima. Wao wenyewe waliwatuliza watu wao. Jeshi likarudi nyumbani.
Kumbe si mjinga. Namdharau zaidi.
Nimemwambia nitafikiri. Joho nimekuja nalo.

Jumanne, 21 Machi
Mama Furaha amepita dukani kwangu. Ameliona joho limetundikwa. Hakufanya mzaha. Amechukua sketi yake aliyoniletea niishone, akaondoka.

Jumapili, 26 Machi
Midrand. Safu ya mbele. Kwaya imeimba kwa Kiingereza, nami nimeiongoza kwa mkono. Wengi wa La Rochelle wamekuja, kwa sababu nimekuja. Mama Furaha hakuja. Nilitarajia kujidharau zaidi ya hivi.
Joho lina mikono mirefu. Kesho nitaipunguza.