Sikukuu ya Mavuno Tuliyosimuliwa Kaisho

Shikamoo Dada Koku,

Mvua imetufungia ndani kwa Mama Byera, mwenyeji wangu hapa Kaisho. Mwalimu mmoja Mmarekani alitueleza asili ya sikukuu yao ya mavuno: wageni walifika na njaa, wenyeji wakawafundisha kulima mahindi, wakala pamoja.

"Kama sisi," akasema jirani Gaspari, aliyetoka Rwanda akapewa shamba na mama huyu.

Mama Byera akampa mwalimu kahawa ya kutafuna, kama anavyompa kila mgeni. Akauliza, "Na wenyeji wale, mashamba yao bado wanayalima?"

Mwalimu akaendelea kutafuna.

Gaspari ndiye aliyejibu. "Mimi mpaka wa shamba ulilonipa naujua, mama."

Nakuletea kahawa hiyo, dada. Ubaki salama na wanao.

Mdogo wako, Deo