Jua Juu ya Maji

Baba Salma,

Hujambo? Mimi mzima, ila baridi imenigeuza pua bomba. Jana mwanao alinitoa hapa Weston anakoishi kwa treni, tukaenda mjini kutazama picha za kale. Hii iliyo upande wa pili wa kadi ilinishika: ufuko, majabali, jua limekaa juu ya maji, na mwanga wa rangi ya samli umetanda kila mahali. Nikasema, “Asubuhi nzuri hii.”

Salma akacheka. “Mama, hiyo jioni. Si unaona jua liko baharini?”

Nikamwonyesha mwanamke anayeanika nguo mwambani. Nani huanika nguo saa ya magharibi? Akanisomea kibao cha ukutani: jioni. Haya, kwao mchoraji jua huzama baharini.

Lakini Salma amekulia Pangani, na jua likitoka baharini ndilo lililokuwa likimwamsha dirishani. Nikamuuliza, “Kwetu linatokea wapi?” Akafikiri kidogo, akasema hakumbuki.

Unywe dawa ya presha. Nakukumbuka, hasa alfajiri. Na kile chumba cha Salma unachokifagia kila Ijumaa, kitafutie mpangaji.

Mkeo,
Mama Salma