Vigingi vya Dada Sharifa

Malindi,
Lushoto.
Jumanne, 2 Desemba 1997

Mpendwa Kaka Issa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Amina na watoto, na kwamba joto la Dar halijakuyeyusha. Huku baridi ni ile ile, na mvua hii wanayoiita Elinino haijakata tangu Oktoba. Mimi ni mzima na nimeshakuzidi urefu. Ukibisha, njoo tupime.

Kaka, Dada Sharifa yupo nyumbani tangu Oktoba kwa utafiti wake wa mwaka wa mwisho chuoni. Anapima kama mlima wa juu ya nyumba yetu unatambaa. Msaidizi wake ni mimi, wa darasa la saba, na tena la kuponea chupuchupu! Nilipigilia vigingi thelathini kwa kufuata kamba, vimenyooka kama safu ya kuswali. Hakuna kijana Malindi anayenizidi kupigilia, waulize wenye nyanya zao.

Unamkumbuka dada yako aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi? Huyo huyo alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wiki iliyopita, akasema amepima wiki tano na kigingi hakijasogea hata kimoja. Bi Mwanamisi, jirani yetu wa chini, aliyekuwa amekimbilia kijiji cha Gare kwa kuuogopa mlima, akarudi na wajukuu wake wanne.

Sasa nisikilize bila kunitukana. Mti wa nyanya ukilala, unausimamisha, si ndivyo Baba alivyotufundisha? Basi kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe nilikuwa nikikuta vigingi vimepinda, navirudisha kwenye mstari. Nilitaka mwalimu wake akija aone kazi ya watu.

Alhamisi Dada akaniwahi kule juu.

"Mbaraka, unafanya nini?"

"Nakunyooshea kazi, Dada. Vimelewa hivi."

"Umenyoosha mara ngapi?"

"Kila siku! Mwanzoni vilihama kidole tu. Jana kiganja kizima."

Akakaa kwenye tope. Nilingoja kilio, hakulia. Alinyanyuka, akanipa daftari, akasema tuanze upya. Ijumaa watu walipotoka msikitini akawasimamisha uwanjani, akawaambia, "Nilikosea. Mlima unashuka, hameni." Jina langu hakulitaja. Mzee mmoja akacheka, "Chuo kikuu chenyewe ndicho hiki? Juzi kaa, leo hama!" Akamjibu, "Nicheke, babu, lakini nicheke ukiwa Gare." Kaka, mimi mwenye mdomo huu nilitazama chini.

Bi Mwanamisi ameondoka tena. Baba ndiye amegoma. Anasema, "Mabati haya kaweka Issa. Nikiiacha nyumba yake atasema nimeitupa. Aseme yeye mwenyewe." Mama naye hawezi kumwacha. Dada amebembeleza, imam amebembeleza, mimi nimetania mpaka nimekauka. Wakati huo huo, kuna ufa umejitokeza kwenye shamba letu la kabichi; siku ya Ijumaa ulikuwa unameza mkono wangu. Leo umemeza mguu mpaka gotini, na mguu wangu unaujua ulivyo mrefu.

Kwa hiyo, mgosi, ni mdomo wako tu uliobaki. Barua hii nampa Lusajo, dereva wa lori la kabichi, akuletee mkononi Ilala kesho asubuhi. Anarudi Alhamisi na lori tupu, panda naye. Usitume salamu, Baba anataka kukuona ukisema.

Wasalimie shemeji Amina na watoto, na binamu Hamza mwambie bado ananidai mieleka. Mama anakusalimu sana. Mungu awatandazie usalama, na sisi atushikie ardhi chini ya miguu mpaka ufike.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikunja masikio,

Mbaraka

Nyongeza: Lusajo anapiga honi, lakini Dada ameingia mbio akiwa amelowa, kaniambia nifungue bahasha. Chemchemi ya nyuma ya jiko, iliyokuwa ikitoa maji tangu enzi za babu, imekauka ghafla, pamoja na mvua hii yote. Anasema maji yamepata njia nyingine ndani ya mlima, yanaulegeza. Usingoje lori la Alhamisi. Panda basi la kwanza.