Magazini za Mwanzo na Saini Iliyo Juu ya Kabati

Kibokoni, Mombasa
Jumanne

Kaka Mwadime,

Jumatano iliyopita, saa mbili asubuhi, nilinyang'anywa funguo za ghala la silaha nilizokaa nazo miaka tisa. Nimeanza na hilo usije ukalisikia kwa watu. Mimi mzima, nala vizuri, na naomba nanyi huko Wundanyi mu wazima na goti la mama limepoa. Kazi bado ninayo, ila sasa nafagia ua.

Kisa ni magazini za plastiki, yale makasha ya risasi yanayochomekwa chini ya bunduki. Kampuni yetu hapa Shimanzi hulinda meli, na tunazo za aina mbili: za mwanzo, laini ubavuni, na zilizokuja baadaye, zenye mbavu na kifuniko cha mdomo. Mwezi huu nane za mwanzo zimekutwa na ufa mdomoni. Meneja mpya akasema, "Mghanga, unaziangusha. Plastiki ni plastiki."

Plastiki ni plastiki! Nilimwomba nusu saa. Nikachukua kumi za kila aina, nikazijaza risasi za mazoezi zisizo na baruti, nikaziangusha kutoka kimo cha kifua changu, mdomo chini, juu ya saruji, kila moja mara tano. Za mwanzo zilipasuka sita. Za baadaye, hata moja. Madereva wa malori walisimama kuhesabu nami. Ya sita ilipopasuka walishangilia kama bao.

"Haya," akasema meneja. "Kama ulijua ni dhaifu, mbona ulinyamaza?"

Hapo ndipo nilipoumia. Wajua desturi yetu: meli huita wakati wowote, kwa hiyo magazini hukaa zimejaa miezi na miezi. Za baadaye hustahimili, maana kifuniko huzisukuma risasi chini, mdomo ukapumzika. Za mwanzo hutanuka mdomo kidogo kidogo, halafu anguko moja latosha. Niliyaandika hayo daftarini zamani, nikashauri zikae tupu, na mkuu aliyemtangulia huyu akatia saini. Akasema, "Tutaangalia." Zikabaki zimejaa. Meneja hakuniamini bila kuiona saini hiyo, akazitwaa funguo.

Jioni nilimsimulia Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, pale barazani. Alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Wee Mtaita! Mabeseni yangu ya zamani ndiyo mazima. Haya ya sasa ukiyatupia jicho tu, yapasuka."

"Bunduki ni kinyume, Bi Rukia."

"Basi waambie hao wa bunduki wanifinyangie beseni."

Akanipa mahamri manne na mbaazi, ningenunaje tena? Kusema kweli nimeuzoea mji huu, na ua nimeufagia hadi wapakiaji wanavua viatu kwa dhihaka.

Sasa, daftari hilo, lenye jalada la kijani, nilikuja nalo huko likizoni ili nilinakili, nikalisahau juu ya kabati la shemeji. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana barua hii nimempa kondakta wa basi. Meneja anataka kuiona saini Ijumaa adhuhuri. Ikikosekana, ghala atapewa mtu mwingine.

Msalimie mama. Msalimie shemeji, mlinzi wa kabati. Na shangazi muuza njugu, mwambie asichane karatasi yoyote ya kufungia hadi utafute.

Kondakta anageuza kurudi huku Alhamisi saa nne asubuhi. Habari za mvua utanipa siku nyingine. Kabla basi halijaondoka nijibu moja tu: daftari liko, au haliko?

Mdogo wako,
Mghanga