Ulisema Tumebaki Watatu

Mpendwa kaka Ekisa,

Hii ni wiki ya tano tangu niolewe, na bado nikimwona Wandera akivua viatu mlangoni, moyo unaniruka. Nasonga ugali nikicheka peke yangu. Nina furaha, kaka, furaha kubwa kupita kiasi! Na nimekubali kwamba furaha hiyo hiyo ndiyo iliyokufukuza.

Unakumbuka kwetu Malaba, siku foleni ya malori ilipofika hadi nyuma ya nyumba ya mama? Dereva mmoja alipiga honi, nawe ukamjibu kwa saksafoni. Akapiga tena. Ukakataa kumwiga, ukapanda hadi sauti za juu kabisa. Akatoa kichwa dirishani: "Boss, hapo umenikosea adabu!" Ukanigeukia mimi, mtoto wa darasa la sita, ukasema, "Amoit, ukimwiga mtu bado hujamsikiliza."

Ndivyo ulivyounda bendi yetu ya jazi: wewe, mimi kwenye kinanda, Wandera na gitaa lake la besi, na Mzee Ojiambo, katekista wetu, kwenye ngoma. Wimbo hatuna, kiongozi hatuna. Tunakaa kimya katika ghala la Mzee la mahindi pale Mundika, mpaka mmoja wetu asukumwe kuanza. "Roho hapewi miadi," Mzee husema. Nimelia zaidi ghalani mle kuliko kanisani.

Halafu nikaolewa. Jumamosi ya kwanza baada ya harusi, Wandera alipiga noti tatu za chini, nikazifuata. Akapanda, nikapanda. Akatulia, nikatulia. Mimi niliona utamu mtupu. Wewe ukatoa saksafoni mdomoni.

"Amoit, tangu uolewe wewe ni amina tu. Wandera akikohoa, amina."

"Shemeji, ni mapenzi," Wandera akacheka.

"Mapenzi pelekeni kwenu Namboboto. Hapa tulikuwa wanne. Sasa tumebaki watatu, na mmoja ana mikono minne."

Ukafunga saksafoni kwenye kasha, ukachukua boda, ukavuka mpaka kwenda Tororo. Simu zangu hupokei. Nilikukasirikia sana. Nilimwambia Wandera kwamba una wivu. Akainama kukaza nyuzi za gitaa bila kuniunga mkono, na hilo likaniogopesha.

Jumamosi iliyopita tulikaa ghalani, watatu kweli. Kimya kilirefuka hadi nikasikia panya kwenye magunia. Kisha Wandera akaanza ile sauti ya chini, laini, anayonipigia nyumbani nikipika. Akanitazama. Vidole vyangu vilikuwa tayari njiani kumfuata. Nikavizuia. Nikapiga sauti mbili kali, zikagongana na yake waziwazi.

Uso wake ukabadilika. Akaacha kupiga.

Kaka, sijawahi kuogopa vile. Nilidhani nimebomoa nyumba ambayo hata haijakauka udongo. Mzee hakuniokoa, aligusa ngoma kwa ncha za vidole tu, polepole. Nikarudia zile sauti mbili. Nikarudia tena. Ndipo Wandera akaingia, kutoka mahali ambapo sijawahi kumsikia, kwa ukali, akibisha, karibu na hasira. Tukagombana vizuri. Katikati ya ugomvi ule nikamsikia, kwa mara ya kwanza tangu harusi, kama mtu ambaye si mimi. Nikampenda upya, mpaka nikaona aibu mbele ya katekista!

Tulipomaliza, Mzee alijifuta jasho. "Haya, watoto. Leo hata mimi nimepata mahali pa kuingia."

Kumbe naye tulikuwa tumemfungia nje, na wewe pekee ndiye uliyesema.

Njiani Wandera alihamisha gitaa bega la pili. "Ulinitisha," akasema.

"Hata mimi nilijitisha."

"Ekisa alikuwa na haki. Lakini mwambie wewe. Mimi yale maneno ya mikono minne bado yananiuma."

Basi nimekuambia. Sikuombi urudi kwa sababu ya damu, wala kunifurahisha mimi niliye na furaha tayari. Ila kuna mahali, juu kule, ambapo Jumamosi hakuna kati yetu aliyeweza kufika, na sote watatu tulipasikia pakiwa patupu.

Tunaanza Jumamosi saa nane mchana. Hatutakungoja, maana kukungoja nako ni kukufuata. Ukikuta tumeanza, usipige hodi. Ingia utupinge.

Ni mimi dada yako, na mke wa mtu,
Amoit