Pasi kwa Baba Mkwe

Jumamosi, jioni. Joto la kunata tangu asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya ziwa kama wageni wanaosubiri kukaribishwa, na mvua haiji.

Leo nimemfunga mwanangu. Nilitaka sana kumfunga. Sasa sina raha.

Wiki iliyopita Kabula alichaguliwa kwenye timu ya shule ya mpira wa kikapu. Wanakwenda Musoma kwa mashindano. Nikasema hapana. Nikataja masomo, nikataja barabara, nikataja mpaka mbu wa Musoma, kana kwamba hawa wa kwetu Igogo hawaumi. Akaniuliza kama nitamruhusu akinifunga kwenye gemu ya kikapu, ile ya kwenye televisheni. Nikakubali. Mtu mzima na mvi zangu, safari ya mtoto nikaikabidhi kwa kile kimashine cha Dubai nilichonunua mjini, siku hizi ambazo biashara imefunguliwa na hakuna usichokipata.

Shida ni kwamba sijui kushambulia.

Nikipata mpira siuachii. Nadunda, nazunguka, nadunda tena, walinzi wananizingira, napokonywa. Kabula akanionea huruma. Akasema hataki kushinda bure, akaanza kunifundisha yeye mwenyewe.

"Baba, unacheza kama uko peke yako! Mwone Babu, yuko wazi chini ya goli. Mpe!"

Babu ni yule mchezaji mrefu wa timu yangu. Kabula ndiye aliyewapa wachezaji majina, na huyu akampa jina la babu yake mzaa mama, kwa ile mikono mirefu. Kwake ni utani, mjukuu na babu yake. Kwangu mimi ni baba mkwe! Mtu ambaye akiingia sebuleni natafuta kazi ya kufanya nje. Leo nimrushie mpira kifuani? Nimwamrishe akimbie, asukumane na vijana? Kidole kilikuwa kinagoma chenyewe. Nilijicheka, na bado kiligoma.

Leo ndiyo ikawa mechi yenyewe. Mama Kabula aliacha kuchambua mchele, akaja kusimama mlangoni. Katikati ya mchezo taa ikafifia, wote tukaitazama, tukiogopa mgao wa umeme usije ukaamua badala yetu. Ikarudi. Muda ukawa unayoyoma, tumelingana, mpira ninao mimi, na timu nzima ya Kabula iko mbele yangu.

"Baba Kabula," akasema mke wangu, "ukimnyima baba yangu mpira tena, namweleza."

Nikafumba macho.

"Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti, nikatoa pasi.

Mzee akaruka, akautumbukiza. Kipenga.

Niliruka kwenye kochi na kushangilia mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilipogeuka, Kabula alikuwa anakiweka kidude chake cha kuchezea mezani, taratibu.

"Umeiva, baba," akasema. Akatabasamu vizuri kabisa, akaenda chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Alikuwa anatoa nguo.

Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya.

"Haya, bingwa," akasema mama yake. "Shangilia basi."

Sababu ya kweli sikumwambia mtu. Kaka zake walishaondoka, kila mmoja na maisha yake. Kabula akienda, hata kwa siku chache, mama yake atakuwa na mchele wake, nami nitabaki na redio nikibishana nayo. Leo Musoma, kesho kutwa chuo, halafu je?

Nadunda, nazunguka, siachii.

Nimekwenda kugonga mlango wake. Nikamwambia arudishe nguo kwenye begi.

"Lakini si umeshinda?"

"Nimeshinda. Kwa hiyo naamua mimi."

Alinitazama kwanza, kuhakikisha sitanii. Kisha akapiga kelele mpaka jirani akachungulia tena.

Basi la Musoma linaondoka Buzuruga kesho asubuhi. Begi nitalibeba mimi mpaka stendi, hilo nimeshasema na hakuna wa kunipinga. Kulitoa mkononi nimpe, hapo sina uhakika. Labda itabidi nifumbe macho na kusema shikamoo.