Tambi za Mkwe

Mzenga, Jumapili

Marahaba, mwanangu Dina,

Sisi wazima, mihogo imekubali, na kaka yako Hilario ametuletea mzigo wako wa tambi kutoka kituo cha basi cha Picha ya Ndege.

Umeandika kwamba mumeo Paolo anasisitiza tambi za kwao Italia hazivunjwi wala hazitiwi sukari. Mwambie kwamba mkwewe anaomba radhi. Nimezivunja vipande vidogo, nikazikaanga, nikatia tui, iliki na sukari, kama ulivyozoea. Nani atakula kamba ndefu namna ile na chai?

Baba yako alikula mpaka akakomba sahani. Ndipo nikamwambia zimetoka kwa nani. Unajua tangu uolewe huko bila posa kufika hapa, jina lako halitaji. Akainuka, nikajua nimeharibu. Kumbe anafuata chupa ya chai.

Alipokaa akaniuliza, "Huyo kijana wa Dina, kwao hawana nazi?"

Nikamjibu sidhani kama wanazo.

Leo tumetoka kanisani, hata shati hajabadilisha, amechagua nazi sita na kuzifua mwenyewe. Anataka Hilario aulize kama posta wanazipokea.

Mimi mama yako,
Laurensia